Anzia pembeni: mfarishi wa kwanza kutoka kwenye kiroba cha fundi

Kabla ya kufunga kibanda chake jioni, fundi cherehani wa Kariakoo hufagia. Siku nzima mkasi wake umekuwa ukidondosha vitu sakafuni: pembe za kitenge zilizotoka kwapani mwa gauni, utepe mrefu uliobaki kwenye pindo, duara la shingo linalotosha kufunika kikombe cha chai. Vyote huzolewa pamoja, hutiwa kwenye kiroba, na kiroba kikijaa huenda jalalani. Rangi ni zilezile alizokwenda nazo bibi harusi. Pamba ni ileile aliyolipia mteja kwa mita.

Kwenye kiroba hicho kuna tandiko zima la mtoto. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi nalo.

Kiswahili kina jina la tandiko hilo: mfarishi. Ni kitambaa cha kulalia au kujifunika chenye matabaka yaliyoshonwa pamoja. Uso huwa wa viraka au wa kitambaa kimoja, katikati hukaa ujazo wa pamba au blanketi, na chini hukaa mgongo ambao mafundi wangeuita bitana. Mishono inayopenya matabaka yote ndiyo inayoufanya uwe mfarishi. Bila hiyo, ujazo hujikusanya upande mmoja baada ya kufuliwa mara chache, kama sufi inavyojikusanya kwenye mto wa zamani.

Mtu anayeanza leo akatafuta mwongozo, mara nyingi hukutana na ule wa Marekani, na orodha yake ya vifaa humtisha kabla hajatunga uzi: kisu cha gurudumu, ubao maalumu wa kukatia, rula za plastiki za aina kadhaa, cherehani yenye mguu wa kupimia robo inchi, pasi isiyozimwa. Ni njia nzuri, na makala hii itairudia. Lakini kwa mwenye kiroba cha mabaki, mkasi na sindano ya mkono, kuna njia nyingine iliyo fupi zaidi. Imehifadhiwa na watu ambao asili yao ni upande huu wa bahari.

Maua kwenye pembe nne

Katika jimbo la Karnataka, India, kwenye misitu ya milima ya Ghats ya Magharibi, karibu na miji ya Haliyal, Yellapur na Mundgod, wanaishi Wasidi. Ni wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi kwa karne kadhaa, wengi wao wakiwa watumwa, wengine wakiwa mabaharia na askari. Mababu wa Wasidi wa Karnataka wanahusishwa zaidi na Goa ya Wareno, ambako waliotoroka walikimbilia msituni wakabaki humo. Leo wamo Wakatoliki, Waislamu na Wahindu, wakizungumza lugha za majirani zao kama Kikonkani na Kikannada. Ndugu zao wa Gujarat huita ngoma yao ya ibada "goma", na Mswahili hahitaji mkalimani kuitambua.

Wanawake wa Kisidi hushona mfarishi uitwao kawandi. Mshonaji hutandika kitambaa kimoja kizima, mara nyingi sari kuukuu, kiwe mgongo. Haanzi katikati. Hukaa kwenye pembe, hukunja ukingo wa sari kwa ndani, huweka kiraka cha kwanza nacho kikiwa kimekunjwa ukingo, kisha hushona vyote viwili pamoja kwa sindano inayozama na kuibuka. Kiraka cha pili huingia chini ya cha kwanza au hukilalia juu. Hivyo hivyo hufuata ukingo mpaka azunguke pande zote nne, halafu huanza mzunguko wa pili ndani ya ule wa kwanza, na wa tatu, hadi akutane na nafasi ya mwisho katikati.

Kila mstari wa mshono unamaliza kazi ambazo katika njia ya Marekani hufanywa siku tofauti. Unakishika kiraka, unakiunganisha na mgongo, na ukingo wa nje unakuwa tayari umepindwa tangu mwanzo. Mfarishi ukiisha, uso wake una mistari inayofuatana kuelekea ndani kama matuta ya shamba lililolimwa kwa mzunguko.

Halafu huja pembe. Kwenye kila pembe mshonaji hutia vipande vidogo vilivyokunjwa kuwa pembetatu, viitwavyo phula, yaani maua. Kwa Wasidi wenyewe, kawandi isiyo na maua iko uchi.

Kwa muda mrefu kazi hii ilikuwa ya nyumbani tu: ya kulalia, ya kujifunika, ya kumlaza mtoto. Mwaka 2004 wanawake hao waliunda chama cha ushirika cha ushonaji, wakisaidiwa na wasomi akiwemo Henry Drewal wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison nchini Marekani, ili wauze kazi zao nje ya vijiji vyao. Mwaka 2011 mifarishi yao ilitundikwa katika kituo cha Schomburg, Harlem, New York, kwenye maktaba inayotunza historia ya watu weusi duniani.

Leso sita

Yuko atakayesema kwamba viraka si vyetu, na kwamba kwetu kiraka ni cha mtu aliyekosa. Historia ya vazi linalopendwa kuliko yote mwambaoni inajibu vingine. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Zanzibar walikuwa wakinunua leso, vitambaa vya mraba vilivyoletwa vikiwa havijakatwa kutoka kwenye jora. Walikata sita, tatu juu na tatu chini, wakaziunga kwa mshono, wakapata kitambaa kimoja kipana cha kujitanda. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuchapisha kitambaa kizima chenye pindo na mji, na kanga ikazaliwa. Mombasa mpaka leo huiita leso. Jina hilo limetunza kumbukumbu ya kuunga vipande.

Hata bitana inayomfaa anayeanza ina historia ya hapa. Kitambaa cheupe cha pamba kisicho na maua huitwa marekani au amerikani kwa sababu katika karne hiyohiyo kilikuwa kikishushwa Zanzibar kutoka viwanda vya Massachusetts. Anayenunua mita moja ya marekani leo kwa ajili ya mgongo wa mfarishi anatumia neno lililokuja na merikebu.

Suruali za marehemu

Mfano wa pili unatoka mbali zaidi, na kila anayeanza anapaswa kuujua kabla hajaanza kuhofia kupinda kwa mstari wake.

Gee's Bend ni kijiji cha watu weusi katika kaunti ya Wilcox, Alabama, ndani ya kona ya Mto Alabama, ambako maji yanazunguka pande tatu. Wakazi wengi wana jina la Pettway, urithi wa bwana aliyemiliki shamba na mababu zao. Nyumba zilikuwa za mbao zenye nyufa, na wakati wa baridi familia ililala chini ya mifarishi kadhaa kwa pamoja. Wanawake walishona kwa walichokuwa nacho: magunia ya mbolea, mashati yaliyochanika, suruali za kazi zilizopauka magotini. Ujazo ulikuwa pamba, nyingine ikiokotwa kwenye mabaki ya mashine ya kuchambulia.

Mwaka 1942 Missouri Pettway alikuwa ameshafiwa na mume. Alikusanya nguo za kazi za marehemu, akamwita binti yake Arlonzia amsaidie kuzichana, akashona mfarishi wa kujifunika ili aendelee kuwa karibu na mwenzake. Ukiutazama mfarishi huo, unaona mistari mipana ya buluu iliyopauka, kijivu na kahawia, na mahali ambapo mfuko wa suruali ulibanduliwa kitambaa kimebaki na rangi ya zamani, isiyopigwa na jua. Hakuna kipande chenye ukubwa sawa na kingine. Hakuna mstari ulionyooka kabisa.

Mwaka 1962, wakati watu weusi wa kijiji walipokuwa wakivuka mto kwenda Camden kutafuta haki ya kupiga kura, huduma ya kivuko ilikatwa. Haikurudi hadi 2006. Martin Luther King alifika huko Februari 1965, na mwaka uliofuata wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika wa Freedom Quilting Bee, uliowapa kipato chao wenyewe. Mwaka 1972 ushirika ulipata kazi ya kushona foronya za kodrai kwa kampuni ya Sears, na mabaki ya kodrai hiyo, ya rangi ya dhahabu, kijani na nyekundu, yakaingia kwenye mifarishi ya majumbani. Miaka 30 baadaye, mwaka 2002, mifarishi ya Gee's Bend ilioneshwa katika Jumba la Sanaa la Houston, kisha katika jumba la Whitney mjini New York. Mwaka 2006 Posta ya Marekani ikaichapa kwenye stempu. Kazi zilizoshonwa ili watoto wasitetemeke zilikuwa zimetundikwa ukutani kando ya michoro ya wasanii wakubwa, na mistari yake iliyopinda ndiyo iliyowafanya watazamaji wasimame.

Wanawake hao hawakushona ovyo. Walipima kwa macho, walichana kitambaa kwa mkono kufuata uzi wake, na walijua wapi kipande chekundu kinahitajika ili kile cha buluu kisilale. Anayeanza anaweza kujifunza hilo bila rula yoyote: atandaze vipande sakafuni, aondoke, arudi baada ya dakika kumi, ahamishe vinavyogombana.

Hesabu ya milimita mbili

Njia ya Marekani ya miraba ina faida yake, hasa kwa mwenye cherehani. Mraba wa vipande tisa ndio darasa la kwanza: vitatu kwa vitatu, rangi mbili zikipokezana. Ukikata kila kipande sentimita 12 kwa 12 na kushona milimita 6 kutoka ukingoni, mraba mzima unatoka na sentimita 33.6 kila upande, kwa kuwa kila kiungo kinameza milimita 12.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mshono ukizidi milimita mbili tu, kila kiungo kinakula milimita nne za ziada. Katika mstari wa vipande 12 kuna viungo 11, hivyo mstari huo unapungua kwa milimita 44, karibu upana wa vidole vitatu, na haukutani tena na mstari wa jirani. Kinachomwokoa mshonaji hapa ni kurudia mshono uleule, hata kama si wa milimita 6 kamili. Mshono wa milimita 8 kila mahali hutoa mfarishi mdogo kidogo, lakini uliotulia. Mshono unaobadilikabadilika hutoa mfarishi uliojikunyata.

Uso ukikamilika, hutandikwa juu ya ujazo, na ujazo juu ya mgongo uliozidi sentimita tano au zaidi kila upande. Kisha hupigwa bandi kutoka katikati kwenda nje, ili mikunjo isukumwe ukingoni, na mishono ya kudumu hufuata mwelekeo huohuo. Mwisho kabisa ni kupinda ukingo kwa utepe mrefu. Ni hatua nne zenye nafasi nne za kukata tamaa, na mifarishi mingi ya kwanza huishia kabatini ikiwa uso tu.

Kawandi haina kabati hilo. Ikiachwa nusu, nusu iliyoshonwa imeshakamilika, na kinachobaki ni kuendelea kuingia ndani.

Kiroba kinafunguliwa

Mafundi wengi hutoa mabaki bure kwa anayeomba kwa adabu na kuja na mfuko wake. Kazi ya kwanza ni kuchambua. Kitenge cha pamba na kile cha poliesta hufanana kwa macho, lakini moto huvitenganisha: chomoa nyuzi chache, ziguse kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huwaka na kunuka karatasi iliyoungua, ikabaki majivu laini. Poliesta huyeyuka ikajivuta kuwa punje ngumu. Anayeanza achukue pamba peke yake, kwa kuwa hukunjika na kubaki imekunjika, na sindano haigomi. Mashati ya pamba ya mitumba kutoka masoko ya Gikomba au Owino, au gauni la bibi lisilovaliwa tena, yanafaa vilevile.

Kisha kufua. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani na hupungua kikilowa. Kanga nyekundu inajulikana kwa kutoa rangi, na rangi hiyo ikiingia kwenye kiraka cheupe baada ya miezi ya kazi haitoki. Kila rangi ya kutilia shaka ilowekwe peke yake hadi maji yabaki meupe. Kikikauka, kitambaa kipigwe pasi.

Ukubwa ndio uamuzi mkubwa kuliko yote, na hapa hesabu ni rafiki. Mistari ikiwa na sentimita moja na nusu kati yake, kitambaa cha mto wa kochi cha sentimita 45 kwa 45 kinahitaji takriban mita 13 na nusu za mshono. Tandiko la mtoto la sentimita 90 kwa 90 linahitaji mita 54. Upande umeongezeka mara mbili, lakini kazi imeongezeka mara nne. Anayeanza na mto atafika mwisho akiwa bado na hamu, na mkono wake utakuwa umeshajifunza.

Kwa mto huo, mgongo ukatwe sentimita 47 kwa 47 kutoka kanga kuukuu au marekani, ukunjwe sentimita moja kila upande na kupigwa pasi. Viraka visiwe vidogo kuliko kiganja. Kipande cha sentimita tano kikishakunjwa sentimita moja kila upande hubaki tatu, na vidole vya mgeni hukishindwa. Kwenye joto la Mombasa au Bagamoyo ujazo hauhitajiki. Matabaka mawili yanatosha. Kwa baridi ya Njombe, Lushoto au Kericho, kipande cha blanketi lililochakaa kinawekwa katikati, kikiwa kidogo kuliko mgongo kwa sentimita moja kila upande ili ukingo usiwe mnene.

Uzi uwe wa pamba, mnene kidogo kuliko wa cherehani, na urefu wake usizidi sana mkono mmoja wa kipimo cha zamani, kutoka kisukusuku hadi ncha ya kidole cha kati. Uzi mrefu huonekana kuokoa muda, kumbe hujifunga vifundo. Tondoo ivaliwe kwenye kidole kinachosukuma sindano. Siku ya kwanza itasumbua, lakini kidole kisicho na tondoo hakifikishi mita 13. Hatua za sindano zilingane. Zikiwa kubwa na sawa zinapendeza kuliko zikiwa ndogo na za kubahatisha.

Makosa ya mara ya kwanza yanajulikana, na yote yana dawa. Uzi ukivutwa sana, kitambaa hukunyata: ulegeze kwa kidole kabla ya kuchukua hatua nyingine. Ukingo mbichi wa kiraka ukiachwa wazi utafumuka ukifuliwa, basi kila ukingo unaobaki juu ukunjwe, na usiokunjwa ulale chini ya jirani yake. La tatu ni la njia hii ya kawandi peke yake. Kwa kuwa kazi inaingia ndani, kitambaa cha mgongo kilichozidi hukimbilia katikati na kufanya kichuguu. Anayeshonea magotini hukiona amechelewa. Kila baada ya mzunguko mmoja, kazi ilazwe kwenye mkeka na ilainishwe kwa kiganja. Kichuguu kikitokea bado, hukunjwa mara moja kikalazwa upande, na kiraka cha mwisho hukifunika.

Jina kwenye pembe

Jambo moja husahaulika na wanaoanza, na kusahaulika kwake kumeigharimu historia. Mamilioni ya mifarishi imeshonwa duniani bila jina la aliyeishona. Harriet Powers, aliyezaliwa mtumwa Georgia mwaka 1837, alionesha mfarishi wake wenye visa vya Biblia kwenye maonesho ya pamba ya Athens mwaka 1886. Mwalimu wa sanaa aitwaye Jennie Smith alitaka kuununua papo hapo, Powers akakataa. Miaka michache baadaye dhiki ilimlazimisha kuuza. Alitaka dola 10, akapewa dola 5, na kabla ya kuuacha alieleza kila picha ina maana gani. Smith aliyaandika maelezo hayo. Leo mfarishi huo umo katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, na mwingine wa mikono yake uko Jumba la Sanaa la Boston. Ni miwili tu inayojulikana kubaki.

Kwa hiyo mto wa kwanza ukishatiwa maua kwenye pembe zake nne, sindano isirudishwe kwenye kopo. Kazi igeuzwe mgongoni, ichaguliwe pembe moja, na kwa uzi wa rangi inayoonekana liandikwe jina la aliyeshona na mwaka. Herufi zitapinda kidogo. Halafu mto upelekwe kochini, mtoto aegemee, na kiroba kirudishwe kwa fundi kikiwa kitupu, kwa kuwa tandiko la sentimita 90 litahitaji vipande vingi zaidi.